Mafuta ya kupima na taka za usiku

Nimekuwa kimya kwa muda kidogo, kazi za gazetini zilinizidia. Leo nimepata nafasi, na nimeona niandike kuhusu jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu mwaka 2022. Linahusu historia ya jiji letu la Dar es Salaam, bei za vitu, na taka. Na kwa kuwa mwandishi anayewaumbua wenzake kila siku inafaa siku moja ajiumbue mwenyewe, naomba nianze na kosa langu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga Kigogo, nyumba ya vyumba nane, kila chumba na familia yake. Choo cha nje, bomba moja, LUKU moja. Kila mwisho wa mwezi tulichanga hela ya LUKU, hela ya maji na hela ya taka. Ya taka ilikuwa shilingi 2,000 kwa chumba. Sasa ikafika Ramadhani ya mwaka ule, Aprili 2022. Wote mnakumbuka hali ilivyokuwa. Vita ya Ukraine ilikuwa imeanza Februari, korona ilikuwa imeshavuruga usafirishaji wa dunia nzima, na sisi nchi yetu ilikuwa inaagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kula inayotumia. Mwishoni mwa mwezi huohuo Indonesia nayo ikazuia kuuza nje mafuta ya mawese. Dukani kwetu, lita moja ya mafuta ya kula ambayo tulizoea kuinunua kwa elfu tatu na kitu ilikuwa imegonga elfu saba.

Tukakaa kikao uani baada ya futari. Baba mwenye nyumba akasema, "Mwandishi, wewe ndiye msomi wetu hapa, hebu tupigie hesabu." Nikatoa simu, nikajiona nimepewa heshima. Vyumba nane mara elfu mbili ni 16,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 192,000. Kisha nikatupia swali nililoliona la kijanja kweli: hivi ndugu zangu, gari lenyewe la taka tunaliona mara ngapi kwa mwezi? Kikao kizima kikaangua kicheko, kwa sababu jibu tulilijua wote. Tukapitisha kwa kauli moja kwamba hela ya taka isimame mpaka hali itakapotengemaa. Hela ya LUKU hakuna aliyethubutu kuigusa. Usipolipa LUKU giza linakuja kwako leoleo, lakini usipolipa taka... taka zinakwenda kwa mwingine.

Wiki tatu zilizofuata kila mtu alijua mwenzake anafanya nini usiku, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mimi mwenyewe nilikuwa natoka saa tano za usiku na mfuko wangu, naupeleka kwenye mfereji nyuma ya nyumba. Mvua za masika zilipokuja kwa nguvu, mfereji ukakataa kupitisha maji. Yakarudi nyuma, yakaingia chumba cha mwisho, kile kilicho karibu na mfereji. Humo alikuwa anaishi mama anayetuuzia maandazi asubuhi. Kiroba chake cha unga wa ngano, kilo 25, kililowa chote, na ule unga ndio ulikuwa mtaji wake.

Asubuhi tulikwenda kumsaidia kukomba maji. Hakutukana mtu. Alikuwa anaokota kitu kimoja kimoja kwenye tope la chumbani kwake na kukitia kwenye ndoo: vipakti vya sabuni ya unga, vifuko vya mafuta ya kupima, pampasi za mtoto wa chumba cha tatu, bahasha ya kaki yenye jina la gazeti langu. Akanitazama akasema, "Baba, hizi si zetu wenyewe?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wazee na kusoma kila ninachokipata kuhusu taka za jiji hili. Nilikuwa nimezoea, kama wasomi wengi wa umri wangu, kusema kwamba watu wa Dar ni wachafu, hawana ustaarabu, zamani watu walikuwa na nidhamu. Ninavyoelewa sasa, zamani haikuwa hivyo, na sababu za leo nazo si hizo.

Nianze na bibi yangu, aliyehamia Ilala mwaka 1969. Nilimuuliza miaka ile taka zao walikuwa wanazitupa wapi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Taka gani, mume wangu? Tungetupa nini?" Akaanza kunihesabia. Maganda ya ndizi na mihogo yalikuwa ya mbuzi wa jirani. Makombo ya kuku. Vifuu na makumbi ya nazi ya kuwashia moto. Majivu ya kusugulia sufuria, mengine yanamwagwa chooni. Kopo tupu linapelekwa kwa fundi linakuwa kibatari, au linakuwa kipimo cha mchele sokoni. Tairi lililokwisha linakuwa katambuga. Mfuko wa unga wa kitambaa unafuliwa unakuwa foronya. Gazeti ndilo lilikuwa halifi kabisa: linasomwa na nyumba tatu, linafungiwa sukari, halafu safari yake inaishia chooni. Sokoni alikwenda na kikapu cha ukindu, na kikapu kimoja kilidumu miaka. Kilichobaki baada ya yote hayo kilitupwa kwenye shimo uani na kuchomwa Jumamosi.

Sasa tusije tukadhani bibi alikuwa mwanamazingira. Bibi alikuwa anaishi kwenye uchumi ambao vitu ni vichache na kila kitu kina kazi ya pili. Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda duniani, na ukame wa 1973 na 1974 ukalazimisha nchi kuagiza chakula. Ndipo ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, hata watu wa mjini wakapanda mahindi kila penye nafasi. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi yakafungwa ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera, vita ikala fedha za kigeni zilizokuwapo, na mwaka 1979 bei ya petroli ikaruka tena. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, mama yangu ambaye alikuwa shule ya msingi anakumbuka kupanga foleni ya sabuni alfajiri, kuweka jiwe pale mahali pake ili aende shule, na kurudi kukuta jiwe lipo na sabuni imekwisha. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Unga wa mahindi ya njano ya msaada watu waliupa jina la Yanga, kwa rangi yake.

Kwenye hali kama hiyo kifuko cha plastiki ni mali. Mama anasema akipata mfuko wa nailoni alikuwa anaufua na kuuanika kwenye kamba pamoja na nguo.

Lakini jiji lenyewe halikuwa safi, na hapa ndipo wanaosifu zamani wanapojikwaa. Serikali za mitaa zilifutwa kuanzia mwaka 1972 kwa sera ya Madaraka Mikoani. Huduma za miji zikaporomoka, kipindupindu kikaingia mwaka 1977 na 1978, na mwaka huo wa 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Yalirudi mikono mitupu. Magari ya kuzoa taka yalikuwa mabovu, vipuri vinahitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazipo. Kwa hiyo nyumbani kwa bibi taka zilikuwa kidogo, lakini zile za masokoni zilioza palepale. Bei ileile ya petroli iliyomfanya bibi asiwe na cha kutupa ndiyo iliyolaza gari la kuja kuchukua.

Kuna tukio moja la miaka ile ambalo kila mzee niliyemuuliza alilitaja bila mimi kuligusia. Machi 1983 serikali ilianzisha msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mstari wa mbele. Kukutwa na katoni za sabuni au magunia ya sukari usiyoweza kuyaeleza ilikuwa kesi. Basi watu wakaanza kutupa. Katika nchi ambayo mtu analala foleni kwa kipande cha sabuni, usiku watu walikuwa wanamwaga sabuni, vitenge, sukari na hata redio mpya kwenye mitaro, vichakani na baharini. Mzee mmoja wa Magomeni aliniambia aliamka akakuta mtaro wa mtaani kwao una povu.

Nimelifikiria sana lile povu. Watu wale hawakuwa wachafu wala wajinga. Walipiga hesabu kama tuliyoipiga sisi uani Kigogo: kitu hiki kikibaki kwangu kitanigharimu zaidi kuliko kikiwa mtaroni.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili 1984, na mwaka huohuo mambo yakaanza kubadilika. Ruzuku ya sembe ikaondolewa, na wenye fedha zao za nje wakaruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere akang'atuka, akaja Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi, ambayo mwanzoni mwa mwaka huo ilikuwa takriban 17 kwa dola, ilivuka 40 kabla ya mwaka kwisha. Maduka yakajaa. Mitumba ikafurika, ile waliyokuwa wanaiita kafa Ulaya.

Mama anasema raha ya kuona sabuni dukani ilidumu kama mwezi, kisha akagundua kwamba foleni imeondoka lakini sabuni bado hawezi kuinunua. Mshahara wa babu, aliyekuwa karani, ulikuwa hautoshi hata nusu ya mwezi. Aili Mari Tripp, mtafiti aliyeishi Dar mwishoni mwa miaka ile na kuandika kitabu juu yake mwaka 1997, alionyesha jinsi mshahara ulivyokuwa umebaki sehemu ndogo tu ya matumizi ya nyumba za jiji hili, na jinsi miradi ya akina mama na watoto ilivyoibeba familia. Bibi alikaanga vitumbua. Jirani alifuga nguruwe kwa makombo ya hoteli. Maprofesa na wakurugenzi walifuga ng'ombe na kuku kwenye bustani za nyumba za serikali. Hapo ndipo biashara ya kupima ilipochukua jiji. Kwa watu ambao fedha zao zinaingia kwa siku na si kwa mwezi, mwenye duka alifungua dumu akapima mafuta, akafungua kiroba akapima sukari, akakata mche wa sabuni vipande.

Mwanzoni kipimo hakikuwa na taka. Ulikwenda na chupa yako, ukapimiwa mafuta ya taa. Ulikwenda na bakuli. Sukari ilifungwa kwenye karatasi. Kilichokuja kubadilisha mambo ni plastiki ya bei poa. Ile mifuko tuliyoiita rambo ilishuka bei mpaka ikawa ya bure, na kitu cha bure hakifuliwi wala hakianikwi. Kikapu cha ukindu kikapanda ukutani kikawa pambo. Kisha viwanda navyo vikajifunza kutoka kwa mwenye duka wa uswahilini: badala ya kumwachia yeye apime, wakapima wenyewe. Sabuni ya unga ya kufulia mara moja, majani ya chai ya birika moja, nyanya ya pakti, shampuu ya kichwa kimoja, mpaka pombe ikawekwa kwenye kifuko cha mfukoni. Viroba vile vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, na rambo ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Vipakti vingine vyote vipo.

Hebu fikiria, ndugu msomaji. Familia yenye nafasi inanunua sabuni ya kilo tatu, inatupa mfuko mmoja. Familia yenye kipato cha siku inanunua sabuni ileile kwa vipakti, inalipa zaidi kwa kila gramu, na inatupa vifuko kadhaa. Maisha yakipanda zaidi, mkaa nao unapanda, basi kuchemsha maharage saa tatu inakuwa anasa. Utanunua maharage yaliyochemshwa kwa mama wa barabarani, nayo yanakuja kwenye kifuko. Uzito wa taka za nyumba unaweza usibadilike sana, kwa sababu makombo yanapungua. Kinachoongezeka ni vitu vyepesi, visivyooza, visivyoliwa na mbuzi, na ambavyo hata waokota makopo hawavitaki. Kijana mmoja mwenye mkokoteni aliniambia anachukua chuma, chupa za maji na boksi. "Hivi vipakti hata ukijaza guta zima, braza, haupati hela ya chai." Hivyo ndivyo vinavyokwenda mferejini.

Tuje kwenye hela ya taka sasa, maana nayo ina historia yake. Jiji lilikuwa na watu wapatao 273,000 katika sensa ya 1967. Sensa ya 1988 ilikuta takriban milioni 1.36. Dampo lilikuwa Tabata, na Tabata ilikuwa imeshajaa nyumba za watu. Mwaka 1988 wakazi walikwenda mahakamani kwa sababu ya moshi, nzi na harufu, wakashinda. Jiji likaomba muda, na muda ulipokwisha likaomba mwingine, mpaka mwaka 1991 jaji akashangaa kuona chombo cha umma kinakuja kortini kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua hewa ya wananchi. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani wakashinda. Zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na tangu mwaka 2007 zinakwenda Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kila hatua ilisogeza dampo mbali zaidi, na kila kilomita ni dizeli. Kwa hiyo dizeli ikipanda, mzoaji naye anapunguza safari. Lile swali langu la kijanja uani, kwamba gari linaonekana mara ngapi, jibu lake lilikuwa kwenye kituo cha mafuta. Mei 2022 petroli Dar ilikuwa imepita shilingi 3,000 kwa lita, na dizeli nayo ilikuwa juu hivyohivyo.

Kufikia mwaka 1992 halmashauri ilikuwa inazoa chini ya tani 5 katika kila tani 100 za taka za jiji. Ikafanyika operesheni ya dharura ya usafi, na mwaka 1994 kazi ya kata za katikati ya jiji ikapewa kampuni binafsi. Hapo ndipo wazo la kumtoza mwananchi ada ya taka lilipoanza kazi. Juni 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja iliyokaa mpaka mwaka 2000, na katika kipindi hicho mpango ukapanuliwa kwenda kata nyingine, vikundi vya akina mama na vijana vikapewa mitaa yao. Sehemu kama Hananasifu vikundi hivyo vilifanya kazi nzuri, vilifika kwenye vichochoro ambavyo lori haliingii.

Tatizo likawa palepale pa siku zote: kukusanya fedha. Watu wengi hawakulipa, na asiyelipa huwezi kumrudishia taka zake. Umeme una mita na maji yana koki. Kwenye taka hakuna koki. Na ada yenyewe ilitungwa kwa mtu wa mshahara, mtu anayepokea fedha mara moja kwa mwezi na kulipa bili zake mara moja kwa mwezi. Mama wa maandazi, ambaye anapata fedha kila asubuhi na kuzimaliza kila jioni, hana siku ambayo elfu mbili inakaa mkononi bila kazi. Kila kitu anachonunua ananunua kwa kipimo, ila taka anatakiwa alipe kwa jumla.

Basi kila bei zilipopanda, hela ya taka ndiyo ilikuwa ya kwanza kukatwa. Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulifika karibu asilimia 20. Mwezi huohuo Dar ikapata mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40, na wakazi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Sisemi kwamba bei ya unga ndiyo iliyoleta mafuriko. Mvua ilikuwa kubwa mno, na watu walikuwa wamejenga bondeni kwa sababu ndiko walikoweza kumudu kiwanja. Ninachosema ni kwamba maji yanapotafuta njia na kukuta mifereji imejaa, yanaingia kwanza kwa yule mwenye chumba cha mwisho. Na chumba cha mwisho daima ndicho chenye kodi nafuu. Mama wa maandazi alikuwa analipa pungufu ya wote pale uani, kwa sababu ya kuwa karibu na mfereji. Sisi tuliokaa mbele tulijipunguzia elfu mbili, yeye akalipa kilo 25 za unga.

Hapo ndipo ninapojilaumu. Chuo Kikuu nilisoma, hesabu nilipiga, na zilikuwa sahihi kabisa mpaka shilingi ya mwisho. Ila sikuuliza nani atalipa hizo 192,000 kama si sisi.

Najua wapo watakaosema suluhisho ni faini, mgambo wakamate watu. Faini zipo kwenye sheria ndogo miaka nenda rudi, na watu wamekuwa wakitupa usiku miaka nenda rudi. Wengine watasema marufuku. Marufuku ya 2019 ilisaidia, rambo tulizoziona zikining'inia kwenye miti na kuziba mitaro zilipungua kweli. Lakini wenye genge walihamia kwenye vile vifungashio laini vya kuangaza, wakavifanya mifuko, kwa sababu mteja wa nyanya tatu bado yupo na hawezi kununua mfuko wa mia tano kubebea nyanya za mia tano.

Uani kwetu tulikaa kikao kingine wiki ile ile ya mvua. Safari hii sikupewa kazi ya kupiga hesabu. Tulimchangia mama wa maandazi hela ya kiroba kipya, ingawa siku alizokaa bila kuuza hatukumrudishia. Kuhusu taka, wazo lilitoka kwake yeye mwenyewe. Alisema, "Tuwe tunatoa mia kwa siku, mimi nitakuja kuichukua asubuhi nikileta maandazi." Mia mara siku thelathini ni elfu tatu, yaani zaidi ya ile elfu mbili tuliyoshindwa. Na ililipwa. Vyumba vyote nane vililipa kwa miezi yote iliyobaki mpaka nilipohama. Elfu ya ziada ya kila chumba tulimpa kijana wa mkokoteni abebe viroba mpaka kituo cha mkusanyiko siku ambazo gari halikuja. Siku mbili za mwanzo tulimfuata kimya kimya kuhakikisha haendi kumwaga mtoni. Hakwenda mtoni.

Sina uhakika kama jambo hilo linaweza kufanyika kwenye mtaa mzima, wacha jiji lenye watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022. Pale lilifanyika kwa sababu mkusanyaji alikuwa anagonga mlango kila asubuhi na maandazi ya moto mkononi, na kwa sababu wote tuliona chumba chake kilivyokuwa. Lakini nimeona niliandike, maana siku hizi ninapohudhuria semina za usafi wa jiji kwa ajili ya gazeti, nasikia sana neno elimu kwa wananchi. Mwananchi wa chumba cha mwisho alikuwa na elimu ya taka kunizidi mimi.

Swali langu kwenu, wadau: mtaani kwenu hela ya taka inalipwaje, na bei zilipopanda ilikuwa ya ngapi kukatwa? Na taka zilikwenda kwa nani? Semeni ukweli tu, mimi nimeshasema wangu.

Naomba kuwasilisha.